Jumamosi Yao ya Kupumzika, Yangu ya Kazi

Saa 11 alfajiri. Ufuo wa Dunga, hapa Kisumu kando ya Ziwa Victoria, ndio unabadilisha zamu. Waliokesha wakivua omena, dagaa wetu, wanarudi, taa zimezimwa, na akina mama wenye mabeseni wameanza kubishana bei kabla jua halijachomoza upande wa Kano. Mimi sina samaki wa kuuza. Naingia kwenye boti, nachota maji yaliyojikusanya usiku, nafuta umande kwenye mabenchi, nakagua kamba ya nanga, nahesabu jaketi za kuokoa maisha, kisha naivuta injini mara moja nisikie sauti yake. Injini ikiamka vibaya asubuhi, itakununia siku nzima.

Najua unachofikiria nikisema kazi yangu ni kubeba wazungu ziwani. Dola, miwani ya jua, na picha za kutabasamu. Shemeji yangu mmoja anaamini hivyo kabisa, ndiyo maana karo ikifika simu ya kwanza huwa kwangu. Haya, twende pamoja Jumamosi moja.

Kwanza, wengi ninaowabeba Jumamosi si watalii. Ni walimu. Wametoka Marekani, Uingereza, Ireland, mmoja mmoja Australia, na wanafundisha Kiingereza katika shule za huku kwetu: Siaya, Vihiga, Nyakach, wengine hapa hapa Kisumu. Kuna wanaokaa muhula mmoja na kuna wanaomaliza mwaka. Mtalii ana ratiba na haraka zake. Mwalimu ana uchovu. Wiki nzima amesimama mbele ya watoto wengi kuliko madawati, chaki imemkausha vidole, sauti imekwisha, na wengi wao wamekuja kujitolea, kwa hiyo anachopata ni posho tu ya kula na nauli. Akishakaa miezi miwili anajua bei ya boda kutoka steji hadi Dunga kuliko mimi, na ukimwongezea shilingi hamsini atataka kujua ni za nini. Napenda kuwabeba. Lakini tusidanganyane kuhusu dola.

Mimi ni kituo kimoja tu katika mapumziko yao, na vituo vingine nimevijua kwa kuwasikiliza. Jumamosi hii ni Dunga, ijayo ni kupanda mawe ya Kit Mikayi kule Seme. Kuna siku ya Maseno, kupiga picha mguu mmoja kaskazini ya ikweta na mwingine kusini. Mvua ikinyesha wanaenda makumbusho ya Kisumu kutazama nyoka. Jumapili ni soko la Kibuye, mitumba na vitenge, na wakirudi hapo wanaonyeshana bei waliyopunguziwa kwa fahari utafikiri wamenunua ploti. Likizo fupi ya katikati ya muhula ni msitu wa Kakamega, wakatazame mbega na vipepeo. Wamarekani lazima wafike Kogelo, alikozaliwa babake Obama, au alikolelewa, hapo wenyewe hubishana ndani ya boti na mimi huwaachia. Na wapo ambao Jumamosi yao yote ni kukaa kwenye mkahawa wenye intaneti mjini, kahawa moja masaa manne, wakingoja Marekani kuamke wapige simu nyumbani. Hao siwaoni, lakini wenzao hunisimulia.

Saa 1 nakunywa chai na mandazi mawili. Petroli nachukua kwa mkopo. Saa 2 mwenye boti anapiga simu kuuliza kama kuna kazi leo, kwa maana boti si yangu.

Saa 3 ndiyo tuliyokubaliana na walimu wa leo.

Saa 3 na nusu hakuna mtu. Mpwa wangu, ambaye ndiye msaidizi wangu, amelala juu ya jaketi. Saa 4 nikapiga simu. "Tuko njiani, Kapteni," wakasema, na kwa nyuma nikasikia maji ya bomba yanatiririka. Walifika saa 5 kasoro, watano, nywele mbichi. Sikulalamika. Jumamosi ndiyo siku pekee kengele haiwapigii, na mtu akilala hadi saa 3 baada ya wiki ya darasa la nne, hiyo nayo ni haki yake. Tatizo ni kwamba ziwa halina huruma hiyo. Asubuhi upepo hutoka nchi kavu, maji yametulia, unaenda popote. Mchana unageuka, unatoka ziwani kuja kwetu, na mawimbi yanainuka. Safari ya saa 3 na safari ya saa 5 ni bei moja, kazi mbili.

Mmoja, Mwingereza mwenye kofia pana, hakutaka jaketi. Akasema ameogelea tangu utotoni. Nikamwambia hakuna ubaya, avae hivyo hivyo, ataogelea nayo. Akauliza kama anaweza kuruka majini tukifika mbali. Swali hili huulizwa kila wiki, na jibu langu sijalibadilisha: kuna kichocho, kuna kiboko, na kuna mimi nitakayeandika maelezo kwa polisi. Akavaa.

Tukatoka taratibu kandokando ya mafunjo. Hapa ndipo moyo wangu hupumzika kidogo, maana hata aliyekuja amenuna hunyamaza akiona mdiria anasimama hewani, mabawa yakipiga papo hapo, kisha anajitupa majini kichwa kwanza na kutoka na samaki mdomoni. Nawaonyesha ndege fundichuma na kiota chake, lundo la vijiti. Nawaonyesha kipande cha mafunjo kilichokatwa na watu wa mikeka, nawaeleza kwamba humo ndimo samaki wadogo wanajificha, mafunjo yakiisha nao wamekwisha.

Mwalimu mmoja, binti wa Ireland, hakuwa anatazama ndege. Alikuwa na mfuko wa karatasi za insha mapajani na kalamu nyekundu mkononi. Nikamuuliza, mwalimu, si leo mnapumzika? Akasema hii ndiyo raha yake, kusahihisha mahali ambapo hakuna anayemwita kila dakika. Akanisomea moja kwa sauti. Mtoto aliandika jinsi mbuzi wao alivyokula daftari la dada yake na jinsi nyanya alivyokataza mbuzi asichapwe kwa sababu ana mimba. Kurasa mbili, nukta tatu. Mwalimu alicheka hadi akafuta macho, halafu akampa alama nzuri, na pembeni akaandika kwa herufi ndogo safi kwamba angependa kujua mbuzi alizaa wangapi. Niliiona ile kalamu ikiandika. Sijui kama huyo mtoto anajua insha yake imefika katikati ya ziwa.

Kisha akaniomba nimsahihishe Kijaluo chake, wala si kibaya. Mimi nilisoma shule ambayo ukipatikana unaongea Kijaluo unavishwa kipande cha mbao shingoni, na jioni anayebaki nacho anachapwa. Sasa mwalimu wa Kiingereza ananilipa nauli ya boti na bado ananiomba Kijaluo. Dunia hii.

Mwenye kofia alitaka kiboko. Tangu tuondoke: kiboko wako wapi, kwa nini hatuoni kiboko, rafiki yake alionyeshwa kiboko saba. Tulipopita karibu na Hippo Point nikazima injini, na kweli, mbele yetu pakatokea masikio mawili na pua. Wanne wakashangilia kwa kunong'ona. Yeye akasema sogea. Nikamwambia hapa ndipo mwisho. Akasema kamera yake haifiki. Nikamwambia kiboko anafika. Akaongea na wenzake Kiingereza cha haraka akidhani sikipati. Alisema ninaogopa. Ni kweli naogopa, ndiyo maana bado nafanya kazi hii.

Sasa upepo ukageuka. Ilikuwa kama saa 7, na kuanzia hapo sitakudanganya kwa saa, simu yangu ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki na mikono haikuwa na nafasi.

Magugu maji hayana mizizi chini. Yanaelea, na upepo ndio dereva wake. Yalitoka Amerika Kusini, huku kwetu yakaonekana mwanzoni mwa miaka ya 1990, na tangu hapo yameng'olewa kwa mikono, yamesagwa kwa mashine, yameletewa wadudu wa kuyala, yakaondoka, yakarudi. Asubuhi ulitoka penye maji matupu. Mchana unarudi, na kati yako na ufuo pana shamba la kijani lenye maua ya zambarau, limesokotana hadi ndege wanatembea juu yake. Mwalimu mmoja Mmarekani akasema, oh, maua mazuri. Mpwa wangu akanitazama. Sikumtazama, ningecheka.

Nilitafuta mpenyo upande wa kushoto nikauona, upana wa boti mbili. Tulipofika nusu ukafungika mbele, nilipogeuka ukawa umefungika nyuma. Injini ikanguruma sauti nzito, nikaizima hapo hapo na kuiinua: propela imevikwa mizizi mpaka haionekani. Mizizi ya magugu ni myeusi, laini, inateleza, na inanuka matope. Ukiikata kwa kisu inajikunja. Unakata, unavuta, unakata. Ukimaliza unashusha injini, unaenda hatua kumi, unaanza upya. Kasia halisaidii, linazama kwenye majani na kubaki huko. Kinachofanya kazi ni upondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti, na upondo unataka mgongo.

"Ongeza moto basi," akasema mwenye kofia. Nikamweleza kwamba injini hii inapoa kwa maji ya ziwa, tundu lake likizibwa na mizizi itachemka na kufa, na tutalala hapa. Akanyamaza dakika mbili. "Piga simu waje watuokoe." Nikamwambia atakayekuja atakuja na propela kama hii. Akauliza kwa nini sikuliona jambo hili mapema. Hapo, ndugu msomaji, nilikumbuka maji ya bomba niliyoyasikia saa 4 kwenye simu. Nikameza mate, nikashika upondo.

Mbele yetu kulikuwa na mtumbwi wa wavuvi wawili, nao wamekwama. Tukaanza kuitana. Wao wanasukuma kuja kwetu, sisi tunasukuma kwenda kwao, ili njia zetu mbili zikutane ziwe moja. Mpwa wangu akalala kifudifudi kwenye omo, mbele kabisa ya boti, nusu yake nje, akawa anakamata magugu kwa mikono na kuyapitisha ubavuni huku nikimwambia aangalie kabla ya kushika, maana nyoka nao wanapenda kivuli. "Anko, nimechoka," akasema mara moja tu. Wale Wamarekani wawili wakavua saa zao wakaingia kazini upande wa pili bila kuombwa. Binti wa Ireland akasukuma kwa kasia la akiba kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeinua mfuko wa insha juu ya kichwa. Mawimbi yalikuwa yanaturushia maji kila dakika. Nikamwambia, mwalimu, ziweke chini uketi. Akasema watoto watauliza, akaendelea. Jua linapiga, hakuna kivuli, chupa za maji zimekwisha, na mwenye kofia amekaa katikati ya boti anapangusa kioo cha kamera.

Wavuvi walipotukaribia walitutupia kamba. Tukavutana. Kulikuwa na sauti ya majani kuchanika, polepole, kisha boti ikaruka mbele na wote wakaanguka migongoni. Maji. Nikawapa wale wavuvi mkate wetu wote na shilingi kidogo za soda, wakaendelea na safari yao bila maneno mengi.

Tulikula jioni jioni. Mama anayetukaangia samaki alikuwa ameshazima jiko mara moja na kuliwasha tena, na aliponiona mikono aliniita nyathina, yaani mwanangu, akaniletea maji ya moto kabla hajawahudumia wageni. Sato wa kukaanga, ugali, sukuma. Walimu hawa hawahitaji uma. Walikula mpaka kichwa, wakanyonya mifupa, na wale Wamarekani walikuwa wanaonyeshana malengelenge ya viganja wakicheka kana kwamba ni nishani. Insha hazikulowa ila mbili za juu, zikaanikwa kwenye kiti, zimewekewa chupa ya pilipili zisipeperuke.

Mwenye kofia akataka apunguziwe. Sababu zake: kiboko mmoja tu, tena kichwa, na tumechelewa. Nilikuwa na majibu mengi na sikuwa na nguvu. Mama wa samaki ndiye aliyemjibu, kwa Kiswahili, taratibu, mkono kiunoni: "Mwalimu, wewe ukifundisha na mtoto asifaulu, unarudisha mshahara?" Wenzake wakamtafsiria. Akatoa simu akatuma M-Pesa, kamili.

Ikaja hesabu. Petroli kwanza, na leo imeenda mara mbili ya kawaida. Kisha fungu la mwenye boti, kisha ushuru wa ufuo, kisha mpwa wangu, ambaye leo nimemwongeza na hakuamini. Kilichobaki kinatosha unga, sukari, na sehemu ya karo, yangu mwenyewe, siyo ya shemeji. Giza lilinikuta bado natoa mizizi iliyojificha nyuma ya propela kwa ncha ya bisibisi, maana ikikaukia pale kesho itanisumbua.

Saa 3 usiku, mgongo uko kwenye godoro, simu ikalia. Mwenye kofia. Anauliza kama Jumamosi ijayo naweza kuwapeleka kisiwa cha Ndere, na kama kule kiboko wanaonekana vizuri zaidi.

Nikamjibu bei. Nikamjibu kwamba boti inaondoka saa 12 na nusu asubuhi, awepo asiwepo, na petroli ilipwe Ijumaa.