Nimerudi Dar, meza ya magazeti siioni

Wandugu, joto nililitegemea, foleni niliitegemea, bei za viwanja nilishaambiwa. Kilichonishtua ni magazeti. Pale kituoni kwetu mnapajua: asubuhi watu wameinamia meza wanasoma habari za Simba na Yanga bure mpaka muuzaji anawatimua. Meza hakuna. Pamekaa wakala wa pesa za simu. Jioni nikanunua karanga, zimefungwa kwenye mtihani wa hisabati wa mtoto wa watu, kapata nane kwa hamsini. Zamani ningepata walau nusu ya habari ya mgomo wa walimu.

Mtaniambia siku hizi kila kitu kipo kwenye simu. Najua. Ila mimi nimetoka Monterey Park, kando ya Los Angeles. Kwa sensa ya mwaka 1990, zaidi ya nusu ya wakazi wake walikuwa Waasia. Mji wenyewe uliuzwa kwa matangazo: miaka ya 1970 dalali mmoja wa nyumba, Frederic Hsieh, aliunadi kwenye magazeti ya Hong Kong na Taiwan kuwa ni Beverly Hills, ule mji wa matajiri, ya Wachina, na watu wakaja kweli.

Nilipanga chumba kwa mzee wa Kitaiwan. Simu yake nzuri kuliko yangu, lakini bila World Journal chai haishuki. Gazeti hilo la Kichina lilianzishwa huko huko Marekani mwaka 1976 na kampuni ya United Daily News ya Taiwan. Mshindani wake Sing Tao lilianzia Hong Kong mwaka 1938, na mwanzilishi ni Aw Boon Haw, yule yule tajiri wa Tiger Balm mnayojichulia. Halafu mlangoni mwa supamaketi kuna marundo ya magazeti ya bure ya kila wiki, unajichotea.

Habari za siasa mzee alikuwa anazipitia tu. Utamu ulikuwa matangazo madogo, kurasa na kurasa, herufi kama chawa. Alikuwa ananisomea kwa Kiingereza chake cha kuungaunga: chumba kinapangishwa, mlango wa peke yake, asiyekaanga sana ndiye anatakiwa. Mpishi anahitajika jimbo jingine, kulala na kula juu ya tajiri. Wakili wa uhamiaji, daktari wa meno anayeongea Kikantoni, tuisheni za watoto. Hata misiba imo, tangazo lina fremu nyeusi na majina ya watoto wote wa marehemu. Mtu ameshuka kwenye ndege jana, Kiingereza hana, anashika gazeti moja anapata pa kulala na pa kufanya kazi. Sisi Waswahili tulikuwa na grupu la WhatsApp. Ukiuliza chumba unajibiwa picha ya maua, "asubuhi njema".

Na magazeti yao nayo yanakufa, nisiwadanganye. Kanada, Sing Tao liliacha kuchapishwa kila siku mwaka 2022. Wajukuu wa mzee wanajua Kichina cha kuombea chakula tu, kusoma hawawezi hata kichwa cha gazeti. Hapo namwelewa mhariri wa Kichina akifunga ofisi. Wa hapa simwelewi, wala nyie wasomaji siwaelewi. Kiswahili tunakisoma wote, mpaka kondakta, na bado tumeachia meza ikaondoka bila hata mtu kuuliza muuzaji kaenda wapi.

Kwa mnaojiandaa kurudi: bila gazeti, kutafuta nyumba mtaangukia mikononi mwa madalali. Hela ya kuonyeshwa utatoa hata usipopapenda, na ukipapenda anataka kodi ya mwezi mzima. Kubalianeni kabla hamjapanda bodaboda. Wa kwangu jana kanipeleka hadi sebuleni, akafungua mlango bila kubisha, tukamkuta mpangaji anakula ugali na wala hana habari kwamba anahama.