Chati ya The Masters Apprentices: wiki ya tatu

Jumamosi
Nimeichana karatasi ya kwanza ya chati ya nani alipiga nini, na lini, katika The Masters Apprentices, bendi ya roki ya Australia. Nilikuwa nimempa kila mwanamuziki mstari wake, mtindo wa mti wa ukoo, nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Mwanzo ulinyooka: Mick Bower gitaa la rithimu, Rick Morrison gitaa la solo, Gavin Webb besi, Brian Vaughton drams. Hao wanne walikuwa The Mustangs wa Adelaide, bendi ya kupiga ala tupu, kisha 1965 akaingia Jim Keays na sauti yake. Nilipofika 1967, mwaka waliohamia Melbourne, mistari ikawa sahani ya tambi. Tena niliandika jina la bendi na apostrofi, kwa wino mwekundu. Wenyewe hawaiweki.

Jumapili
Karatasi mpya, na mistari sasa ni ya viti, si ya watu. Sauti, solo, rithimu, besi, drams. Anayekaa kitini anapewa rangi yake. Mambo yakasomeka. 1967 Vaughton anampisha Steve Hopgood. Morrison anapata matatizo ya pafu, solo inachukuliwa na Tony Sommers. Bower anazidiwa na msongo hadi afya yake ya akili inayumba, rithimu inakwenda kwa Rick Harrison. Na hao watatu waliokuja kuziba pengo, kufikia katikati ya 1968 hakuna hata mmoja aliyebaki! Kalamu ya kijani ya Harrison nimeitumia sentimita mbili tu.

Webb naye akaondoka 1968, wa mwisho kati ya wale wanne wa mwanzo. Besi baadaye ikashikwa na Glenn Wheatley.

Jumatano
Nimeitazama chati siku tatu, kuna kitu kinaniudhi. Kwa viti vyangu, Bower ni mpiga rithimu aliyepata mbadala, basi. Uongo mtupu. Bower ndiye aliyekuwa anawatungia nyimbo. “Living in a Child's Dream” ya 1967 ni yake. Harrison alirithi gitaa, hakurithi daftari. Nimeongeza kiti cha sita, mtunzi, na hapo ndipo pengo lilipojitokeza: baada ya Bower mstari unakatika, na 1968 bendi inaimba “Elevator Driver” ya Brian Cadd, mtu wa bendi nyingine. Unaungana tena pale Keays na Doug Ford wanapoanza kutunga pamoja. Ford aliingia kama mpiga solo, lakini kwangu rangi yake nzito ipo kwenye kiti hicho cha sita.

Ijumaa
Kipande rahisi. Keays, Ford, Wheatley na Colin Burgess kwenye drams: viti vinne, rangi nne, miaka kama mitatu bila kukatika, pamoja na safari ya London walikorekodi katika studio ya Abbey Road. Rula moja, dakika tano. Nakiri nilichoka kidogo. Fujo ya 1967 ilikuwa na utamu wake.

Limebaki tatizo la ukingo. Mstari wa Burgess hauishii 1972 bendi ilipovunjika: ndiye mpiga drams wa kwanza wa AC/DC, bendi ya Malcolm na Angus Young, na kaka yao George alikuwa mpiga gitaa wa The Easybeats, bendi nyingine ya Australia. Nimegundisha kalenda ya pili upande wa kulia. Gundi bado haijakauka.