Jumanne Moja ya Afisa Ununuzi, Kabla Hujajaza KUCCPS

Tangu matokeo ya KCSE yatoke, binti wa kaka yangu hanipi nafasi. Ana C+, na orodha yake ya kozi za kuomba KUCCPS, shirika linalogawa nafasi za vyuo, imejaa majina yanayofanana: ununuzi na ugavi, usimamizi wa mnyororo wa ugavi, BCom (shahada ya biashara) upande wa ununuzi, uchukuzi na usafirishaji. "Shangazi, tofauti ni gani?" Kwenye karatasi ni ndogo. Kwenye saa za kazi ni kubwa, ndiyo maana nimemwandikia Jumanne yangu yote hapa Nakuru, katika kiwanda cha vyakula vya mifugo. Mimi nanunua, mwenzangu wa stoo anapokea, mhasibu analipa. Tuko watatu kwa makusudi. Mnunuzi akiwa ndiye mpokeaji, wizi hauna hata haja ya kujificha.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Simu kabla ya chai. Nina malori mawili barabarani. La mahindi linatoka Kitale, na dereva wake amelala Salgaa: "Madam, ukungu wa Mau Summit jana haukuwa wa mchezo. Nakuja." La pili limebeba mashudu ya alizeti, yaani makapi yanayobaki mbegu zikishakamuliwa mafuta, kutoka Singida, limeingilia Namanga, na sasa limezuiwa kwenye mizani ya Gilgil. Uzito wa jumla uko sawa, ila waliopakia walirundika magunia nyuma, ekseli moja ikazidi. Haliondoki hadi mzigo upangwe upya. Namwomba dereva atafute vijana wa kuhamisha magunia, namtumia pesa kwa M-Pesa, kisha navaa viatu.

Huo ndio uchukuzi. Kama simu za alfajiri zinakukera, usiuweke wa kwanza.

Saa mbili

Lori la Kitale liko getini. Mwanafunzi wetu wa mafunzo ya kazini, kijana wa politekniki, ameshika bambo, chuma cha kuchotea sampuli, na anadunga magunia. Anadunga yaliyo karibu na mlango tu, kwa sababu hayo ndiyo rahisi. Namwambia apande juu, achukue ya katikati na ya chini. Ya mlangoni yanasoma unyevu wa asilimia 13.4, safi kabisa. Ya katikati yanasoma 15.2.

Kiwango chetu ni 13.5. Mahindi yakizidi hapo, kuvu huota, na sumu yake, sumukuvu, hufuata. Nampigia aliyetuuzia. Anaapa kwamba yalianikwa siku nyingi, mvua ikaja, na mwishowe ananiuliza kwani mimi sina huruma. Huruma ninayo, na kikokotoo pia ninacho. Mahindi ya 15.2 yana asilimia 84.8 ya kitu kikavu. Ukiyakausha hadi 13.5, tani 10 zinabaki kilo 9,803 hivi. Maana yake, tukilipa uzito wa leo, tumenunua karibu kilo 197 za maji kwa bei ya mahindi, na bado hatujalipia kukausha.

Kijana anauliza kwa nini tusiyarudishe tu. Swali zuri. Ukiyarudisha Kitale, huyu muuzaji unampoteza, na msimu wa uhaba ukija utamtafuta kwa tochi. Tunakubaliana kukata uzito wa maji na gharama ya kukausha, anaridhia kwa kunung'unika, na makubaliano yanaandikwa na kutiwa saini kabla gunia la kwanza halijashushwa. Mazungumzo hayo yamechukua saa nzima na ushee. Ndiyo sehemu ya kazi ninayoipenda kuliko zote, na darasani nilifundishwa kidogo sana.

Saa nne

Karatasi. Oda ya ununuzi, hati ya kupokelea na ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi, lazima zisomane: idadi, bei, jina. Moja ikikataa, mhasibu halipi. Inachosha, basi.

Saa tano

Hapa ndipo hesabu zake za shule zingemfaa mpwa wangu. Mashudu tunatumia magunia 40 kwa siku. Kutoka siku ya kuagiza hadi kupokea tunahesabu siku 6. Juu yake tunaweka akiba ya tahadhari ya magunia 100. Zidisha 40 kwa 6, jumlisha 100: stoo ikifika 340, agiza. Niliagiza kwenye 340. Lori lilistahili kuingia jana jioni yakiwa yamebaki 100. Leo jioni yatabaki 60, na mzigo uko takriban kilomita 40 kutoka hapa. Meneja wa uzalishaji amepita dirishani kwangu mara mbili bila kusema neno. Akiba ya tahadhari kila mtu huiona hasara hadi siku kama hii.

Saa saba

Ugali, sukuma na simu ya binti. Anauliza kama aende serikalini au kampuni. Namweleza kwamba kaunti au wizara hainunui kwa kupigiana simu kama mimi. Inafuata Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015: tangazo la zabuni, kamati ya tathmini, nafasi ya kukata rufaa, na asilimia 30 ya ununuzi iliyotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Anayependa sheria na utaratibu atafurahi huko. Mwenye haraka atazeeka mapema.

"Na diploma je?" Diploma huanzia C-, na mafundi wengi wa stoo ninaowaheshimu walipitia huko. Kwa vyovyote, sheria ya 2007 inataka anayefanya kazi hii asajiliwe na awe na leseni ya KISM, taasisi ya wataalamu wa ugavi, kwa hiyo mitihani ya kitaalamu bado inamsubiri. Ushauri wangu ni afungue orodha ya masomo ya kila kozi, asome mwaka wa tatu na wa nne. Yenye takwimu, sheria ya mikataba na kompyuta naichagua hata jina lake likiwa la kizamani. Yenye "kanuni za usimamizi" nne mfululizo naiacha.

Saa tisa na nusu

Singida wamefika! Mashudu hayana harufu ya kuchacha, uzito unakubaliana na wa Gilgil. Wapakuzi wanataka kurundika mbele ya yale 60, kwa kuwa ndiko karibu. Mwenzangu wa stoo anakataa: ya zamani yatoke kwanza, mapya yaende nyuma. Wananiangalia mimi. Mimi naangalia simu, maana stoo si yangu.

Saa kumi na moja

Kijana anakuja na ombi. Ratiba inasema kesho akae ofisini ajifunze kuandika oda, yeye anataka kubaki getini. Nabadilisha ratiba hapo hapo. Kesho saa moja linaingia lori la omena, dagaa wa ziwani, kutoka Homa Bay, na omena huja na mchanga. Aje na chekeche.