SSD mpya, mwendo wa punda

Video za harusi ya Shela, hapa Lamu, zilikuwa GB 200, na bwana harusi alizitaka kabla ya boti ya Mokowe; imebaki nusu saa. SSD yangu mpya, ile diski ya nje ya kuhifadhia data, iliyoandikwa MB 1,050 kwa sekunde, ikajikokota kwa 38. Ingechukua saa moja na nusu! Punda wa Langoni wana mbio zaidi. Nikabadilisha tundu, nikawasha kompyuta upya, wapi.

Kumbe nilichomeka waya wa kuchajia simu. Kichwa ni kilekile cha USB-C, lakini ndani ni USB 2.0 ya zamani, mwisho wake Mbps (megabiti kwa sekunde) 480, yaani MB 60 tu. Nikachakura begi, nikapata ule mfupi uliokuja na diski: MB 900 mwanzoni, kisha ikashuka hadi 400 hivi. Dakika saba zikatosha.