Nilivyojua sindano ya mstari na ya shedi baada ya kuharibu Kibo ya mtu

Mteja wangu wa nne toka nianze kuchora tatoo alikuwa chalii mmoja anapandisha wageni mlimani. Alitaka Kilimanjaro mkononi, Kibo na Mawenzi, theluji juu afu kivuli kinashuka pembeni hadi karibu na kifundo. Nikamchorea kwenye chumba changu hapa Majengo, Moshi, mistari nikapiga na 5RL, sindano ya mistari, ikatoka freshi tu, ilipofika zamu ya shedi, yaani kujaza kivuli, nikaendelea na ile ile 5RL maana ndo ilikuwa kwenye mashine, na kichwani kwangu sindano ni sindano, ukitaka kujaza unasugua hadi pajae. Nilisugua kama masaa mawili. Ngozi ikaanza kutoa maji maji, wino ukawa unafutika na tishu, na mi badala ya kuacha nikaongeza volti, yaani nikikumbuka naona aibu.

Wiki tatu baadae kaja. Hajagomba wala nini, kasimama pale mlangoni kwenye mwanga, kanyoosha mkono kasema, "Kaka, mlima wako umeingia mawingu."

Shedi ilikuwa mabaka mabaka, kuna sehemu wino umebanduka na magamba, kuna sehemu ukipitisha kidole unasikia pameinuka, na mstari mmoja pale kwenye ngozi laini ya kifundo umesambaa una ukungu wa bluu pembeni. Huo wa bluu baadae nikajua ni kina, nilizama mno. Wino unatakiwa ukae kama milimita moja na nusu hivi, haizidi mbili, ukiwa juu sana unatoka na ngozi inayobanduka, ukizama unasambaa huko chini na hurudishi.

Nikapanda Kosta hadi Arusha kwa broo mmoja anachora pande za Ngarenaro, nikambebea na boksi langu la sindano nililonunua kwa kuangalia bei tu. Akasoma kale kakaratasi ka nyuma akacheka. "Dogo, hii 1205RL unajua ni nini?" Nikamwambia si namba ya kiwanda. Kumbe 12 ni unene wa sindano moja moja, ni milimita 0.35. Ikiandikwa 10 ni 0.30, ikiandikwa 08 ni 0.25, hizo nyembamba. Hiyo 05 ndo idadi, sindano tano zimeunganishwa pamoja, na herufi za mwisho zinakwambia zimepangwaje. Kwa iyo watu wawili wanaweza kusema wote wanatumia saba na mistari isifanane hata kidogo, mmoja saba zake ni za 0.35 mwingine za 0.25. Mi nilikuwa naangalia picha ya boksi tu.

Herufi akanifundisha na ndizi. Akamwita mama anayepita na beseni akachukua ndizi mbivu mbili, akavaa glovu, akafunga 7RL akagonga ganda mashine ikiwa kavu, wino hamna, afu 7RS, ya shedi, pembeni yake, afu magnamu, ile sindano pana ya shedi, ya tisa iliyopinda, ile ya RM. Mwanzo huoni kitu. Tukanywa chai. Tuliporudi ganda limeanza kuwa kahawia pale lilipotobolewa, na hapo ndo nilielewa kitu nilichokuwa nasoma kwenye simu miezi bila kuelewa. Ya RL ilikuwa nukta moja imefunga, kwa sababu sindano zake zimebanwa ncha zinakutana. RS idadi ni ile ile saba ila zimeachiana, alama yake imetawanyika kama mtu kamwaga pilipili manga. Magnamu ikaacha michomo kama ya kichana, safu mbili, upana wote wa sindano kwa mpigo mmoja.

Sasa fikiria mi nilikuwa napaka kivuli cha mlima mzima na ile nukta moja. Sehemu ambayo magnamu ingepita mara mbili tatu imeisha, mi nilipita mara ishirini, na kila nikipita narudi kutoboa palipotobolewa. Mkono haukuwa tatizo sana, tatizo nilikuwa nadeki ukumbi na mswaki.

Nikamuuliza kwa nini iliyopinda na sio ile bapa ya M1, akasema bapa ukilaza mkono vibaya kona zake zinachana ngozi, iliyopinda kona zimerudi nyuma inateleza. Kwa anayeanza mi naunga mkono hilo asilimia zote, M1 nimejaribu baadae kwenye ngozi ya kitimoto (mangi wa buchani alidhani nimepata mgahawa) ikaniachia mikwaruzo pembeni.

RS watu wanaidharau ila kwenye kona ndogo ambako magnamu haiingii, mfano ndani ya herufi, ndo mkombozi. Mstari mwembamba mkali usiipe, itakutolea mstari wenye manyoya.

Kingine ambacho broo alinishika nacho ni kateriji, zile sindano zinazokuja ndani ya kasha la plastiki unachomeka kwenye mashine, za bei chee hazina kile kiraba cha ndani kinachozuia wino usirudi. Wino na damu vinapanda hadi kwenye mashine, afu mashine hiyo hiyo kesho inamgusa mtu mwingine, hapo unaongelea homa ya ini na ukimwi. Siku hizi naangalia pakiti imefungwa vizuri, tarehe haijapita, na ikifunguliwa ni ya mtu mmoja, ikitumika inaenda kwenye sefti boksi kama za hospitali. Wanaosema wanachemsha sindano warudie kutumia sitaki hata kubishana nao. Na ncha naangalia na lenzi, kuna dalali wa tanzanite aliniuzia yake ya zamani, ile ya kukuza mara kumi, siku moja nikakuta ncha imejikunja kama ndoano kwenye kateriji mpya kabisa.

Ngozi zetu hizi nyeusi pia zina mambo yake, kabla sijagusa mtu naangalia kovu la chanjo ya utotoni na sikio kama katoga, likiwa limevimba limekaa kama haragwe namwambia tuache, maana na tatoo inaweza kuvimba hivyo hivyo. Na shedi naacha ngozi tupu katikati ipumue, ukijaza kila mahali likipona ni doa.

Yule chalii nilimwambia asubiri miezi mitatu ngozi itulie, nikamrudishia bure, ndo haki yake. Ule mstari wa bluu haufutiki, kwa iyo nikachora mawingu ya kweli chini ya mlima yapite juu yake, wino wa kijivu, RM ya tisa ya milimita 0.30, napita kama bembea, nashuka nainuka, sirudii palipolowa. Dakika arobaini tu. Akaangalia sana, akasema sasa hii ni Kibo ya saa kumi na mbili asubuhi.

Afu hapo hapo akataka jina la mamake kidoleni, herufi ndogo ndogo. Nikamwambia kidole kinafuta wino na herufi zilizobanana zinakuja kuungana, akasema nifikirie. Boksi la 3RL bado lina kumi na nne ndani, sijamjibu.