Ninavyosoma mswada wa mwenzangu na kumwambia ukweli

Kabla sijafungua ukurasa wa kwanza, namuuliza mwandishi mambo mawili: hii ni rasimu ya ngapi, na anataka nimwangalizie nini? Rasimu ya kwanza siihangaikii tahajia, kwa sababu nusu ya sentensi zake huenda zikafutwa. Na kumwambia mtu abadilishe mhusika mkuu siku chache kabla ya kupeleka kazi kwa mchapishaji ni kumvuruga tu.

Hadithi fupi naisoma mara mbili. Mara ya kwanza sisahihishi chochote. Naweka nukta pembeni kila ninapojikuta nimerudia sentensi au macho yameanza kuruka mistari, basi. Nukta hizo ndizo zenye thamani kuliko maoni yangu yote, maana mwandishi hawezi kuzipata mwenyewe. Hadithi anaijua mno, hawezi tena kuisoma kama mgeni. Mara ya pili natafuta chanzo cha kila nukta, na hapa ndipo wengi hukosea. Msomaji akichoka ukurasa wa 7, si lazima ubovu uwe hapo. Mara nyingi ukurasa wa 2 haukutuonyesha mhusika anatamani nini, kwa hiyo anapokikosa hatuumii. Mwandishi akiambiwa tu kwamba ukurasa wa 7 unachosha, ataupunguza, na tatizo litabaki palepale.

Kila ninachosema nakifunga kwenye mstari unaoonekana. Tuseme mswada una sentensi hii: "Ondoka!" alisema kwa hasira kubwa, akaubamiza mlango. Siandiki "lugha imezidi." Naandika kwamba mlango umeshatuambia hasira, hivyo "kwa hasira kubwa" inatwambia mara ya pili. Au hadithi inasimuliwa na mtoto aliyejificha chini ya meza, mara tunasoma kuwa baba aliona aibu moyoni. Mtoto amejuaje? Swali hilo moja linamtosha mwandishi.

Shairi lina kipimo chake. Kama ni la kimapokeo, nahesabu mizani, yaani silabi za kila mshororo (mstari), kwa vidole kabla ya kusema lolote kuhusu maudhui. Chukua mshororo huu unaotakiwa kuwa na mizani 16, nane kila kipande: "Nalia sana moyoni, machozi yananidondoka." Kipande cha pili kina tisa. "Yanidondoka" inarudisha nane, na maana haiguswi. Kosa baya zaidi, kwa maoni yangu, ni lile lisiloonekana kwenye hesabu: "kweli" na "hakika" zilizopachikwa kujaza mizani. Mizani inatimia, lakini mshororo umekufa. Hayo nayapigia mstari yote. Shairi huru sililazimishi vina. Nalisoma kwa sauti na kuangalia kama kila mstari umekatwa pale pumzi inapotaka.

Ninapoandika maoni, naanza na kilichofanikiwa, nikitaja ukurasa na sababu. Sifanyi hivyo ili kumlainisha. Asipojua kwamba kimya cha mama kwenye tukio la tatu ndicho kinachobeba hadithi, anaweza kukifuta anaporekebisha. Kisha nachagua mambo makubwa matatu, yasizidi. Mtu akipewa makosa arobaini hushika yale mepesi, yaani koma na herufi kubwa, na muundo uliopinda unabaki umepinda.

Lugha yangu ni ya kueleza nilichosoma. "Hapa nilidhani dada ameshafariki" inamsaidia kuliko "hapa hapaeleweki," kwa kuwa anaona hasa nilipopotea njia. Sentensi zake siziandiki upya, labda mfano mmoja tu. Zikiwa tano, sauti inaanza kuwa yangu. Na kama aina ya hadithi yenyewe hainivutii, namwambia mapema atafute msomaji mwingine, maana nitaishia kuuhukumu mswada kwa ladha yangu.

Maoni nayalaza usiku mmoja, nayasoma asubuhi kana kwamba nimeandikiwa mimi, ndipo nayatuma. Akirudi kujitetea, sibishani. Namuuliza jambo moja: hiki unachonieleza kimo kwenye karatasi? Kama kimo, anionyeshe mstari, nami nafuta nilichoandika. Kama kimebaki kichwani mwake, sasa anajua aya gani inakosekana.