Meza ndo ilikuwa inaniharibia saundi

Mimi kazi zangu zote ni mbele ya kompyuta na muziki unapiga kutwa, na kwa miaka nilikuwa natumia vile vispika vya plastiki vya USB, saundi nyembamba, besi hakuna kabisa. Siku nimeamua kununua za maana nikawaza kama wengi wanavyowaza, wufa (ile spika kubwa ya besi ndani ya boksi) ikiwa kubwa ndo saundi inakuwa nzuri, basi nikachukua jozi ya wufa za inchi 8, zile za studio zenye amplifaya humohumo ndani, zikaja zikajaza meza yote mpaka skrini ikabidi irudi nyuma.

Wiki ya kwanza nilizilazimisha tu nizipende. Muimbaji anasikika kama yuko ndani ya ndoo, besi inavuma nota zote zinafanana, na nikisimamisha muziki usiku twita (kile kispika kidogo cha sauti za juu) inatoa shhhh ambayo ukikaa mita 3 huisikii lakini sentimita 70 inakaa sikioni muda wote. Afu nikisogeza mausi nasikia kale kasauti ka ziii, umeme wa kompyuta umeingia kwenye waya wa saundi (hili la mausi lilikwisha nilipoacha ule waya mwembamba wa hedifoni, nikatoa saundi kwenye kadi ya nje kwa waya za XLR, zile za studio zinazozuia kelele za umeme).

Kilichonifungua macho ni kioo. Nilikilaza juu ya meza katikati yangu na spika, nikakaa kama ninavyokaa siku zote, na kwenye kioo nikaiona wufa yote pamoja na twita. Manake nilipoona spika ndo sauti inapogonga meza na kunirudia, kwa hiyo naisikia mara mbili, ya moja kwa moja na hii ya mezani inayochelewa kidogo. Nikapiga hesabu: katikati ya wufa iko sentimita 20 juu ya meza, sikio 40, umbali 70, hapo njia ya kupitia mezani inazidi kwa karibu sentimita 19, na kwa vile sauti inaenda mita 343 kwa sekunde, kwenye hezi 880 hivi mawimbi mawili yanafika kinyume na kuanza kufutana. Na eneo hilo ndo sauti ya mtu ilipo! Yaani hata ungeweka spika ya bei gani pale chini, meza ingekula kipande kilekile.

Nikapanga vitabu chini ya kila spika mpaka twita ikalingana na sikio, nikazivuta zije ukingoni mwa meza, nikaziachia nafasi na ukuta maana tundu la besi (lile la kwenye boksi linalotoa hewa na besi) lilikuwa nyuma na ukuta wenyewe unaongeza besi. Hapo hapo gitaa la besi na ngoma ya mguu vikaachana, kabla ya hapo nilikuwa nasikia kitu kimoja kinachodunda. Nilifurahi sana, nilirudia wimbo uleule mara nne.

Ila ukubwa ukabaki tatizo. Kwenye spika ya inchi 8 wufa na twita zimeachana sana, ukiwa karibu hivyo sauti zake haziungani vizuri, nikiinama kidogo tu kuandika saundi inabadilika. Ndo maana nawaambia watu kwa meza ya kawaida tafuta inchi 3 mpaka 5, au zile ambazo twita imekaa katikati ya wufa, kampuni ya KEF wanazitengeneza tangu 1988 wanaziita Uni-Q. Nguvu isikutishe, kila umbali ukizidi mara mbili sauti inashuka kama desibeli 6, kwa hiyo mtu wa mezani anahitaji kidogo sana kuliko mtu wa sebuleni. Spika ya studio ya Genelec 8010 wufa yake ni inchi 3 tu na watu wanafanyia kazi kabisa. Hata Yamaha NS-10 ya 1978, ile ya wufa nyeupe, ilitengenezwa kwa ajili ya nyumbani lakini mafundi wa studio wakaipandisha juu ya miksa (meza ya kuchanganyia sauti), karibu na uso.

Ukienda kusikiliza usikubali kusimama mbali, vuta kiti ukae kama unavyokaa kwako, weka wimbo unaoujua, afu usimamishe usikilize ile shhhh.

Mimi za inchi 8 nilizitoa nikachukua za inchi 4, tundu la besi liko mbele, ziko juu ya stendi fupi zimeinama kunitazama, kutoka spika moja mpaka nyingine sentimita 75 na kutoka kila spika mpaka kichwani vilevile 75. Besi ya chini kabisa nimeikosa, hilo nakubali, na sabufa, ile spika ya besi peke yake, bado sijaamua. Kona za stendi nimezibandikia selotepu mezani, ili mtu akifuta vumbi azirudishe palepale.